Kambale Saba wa Kyavula

Asubuhi ile Kanyere alifungua kufuli ya robine, bomba alilouzia maji, kama kawaida, akafuta mdomo wa bomba kwa kitambaa, akamwambia mwanamke wa mbele asogeze bidoni yake vizuri, maana maji yakishamwagika kwenye mawe ya volkano hayaokoteki. Parseli yake, kiwanja chenye nyumba, ilikuwa mtaa wa Katindo, imeegemea ukuta wa kambi ya askari, na sitereni ya saruji ya kukingia mvua aliyoachiwa na marehemu mume wake ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mlima ulikuwa umetoa moshi wiki nzima, kwa hiyo aliiacha mvua ya kwanza ioshe mabati na kwenda zake chini, ndipo akageuza mfereji uingie kwenye sitereni. Kila mwenye sitereni Goma hufanya hivyo. Mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano hutoboa mabati, na ukiinywa inakukwaruza koo. Watu wanaiita mayi kali.

Bidoni ya tatu ilikuwa haijafika nusu maji yakakatika. Kanyere akapanda ngazi, akainua mfuniko, akaona kambale saba. Mmoja, mkubwa kuliko wote, alikuwa amelaza kichwa kwenye tundu la bomba na kupitiwa na usingizi.

"Iko nini huko, mama Kanyere?" aliuliza Emerance kutoka chini. Emerance aliuza makala, ule mkaa wa kupikia, mlango wa pili, na hakuna jambo lililopita kwenye avenye ile, mtaa wao, bila yeye kulitilia neno.

"Ni bageni."

"Ba wapi?"

Kanyere aliwatazama vizuri. Walikuwa weusi mgongoni, tumboni rangi ya majivu, na kila mmoja alikuwa na doa jeupe kisogoni, doa ambalo huwezi kuliona kwa kambale wa mto mwingine. Mapezi yao ya mbele yalikuwa yamelika hadi kwenye mfupa.

"Ni ba kwetu. Ba Kyavula."

"Basi ubaambie batoke pa robine," alisema Emerance. "Mutu anakuya kuomba malazi, anaanza na kuziba mlango?"

Kanyere alimgusa yule mkubwa nyuma ya pezi. Akafumbua macho, akajisogeza. Maji yakaendelea kutoka, na foleni ikaendelea kwenda.

Walikuwa wamekuja kwa miguu, ikiwa pezi linaweza kuitwa mguu. Kambale anajua kutembea, hilo halina ubishi. Mvua ikinyesha hujikokota kwenye majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Hawa walijikokota kutoka milima ya Lubero, wakateremka Kanyabayonga katikati ya watu wenye magodoro kichwani, wakapita Rutshuru, na Kibumba wakalala ndani ya pipa la mama mmoja mkulima wa kabichi. Munigi kuna mtu aliyeliona lile doa. Akawaelekeza Katindo kwa Kanyere, binti wa muzee wa kivuko cha mto Kyavula.

Kanyere alizaliwa pale kivukoni. Baba yake alivusha watu kwa kamba, na alivua kambale kwa mkono, chini ya mawe, ila mwenye mayai alimrudisha majini. Kanyere alikuwa amekula ndugu wengi wa hawa wageni, wa kukaangwa na wa kukaushwa, na wao walilijua hilo. Hawakulitaja.

Kilichowaondoa ni maji. Kampuni moja ilikuwa imekuja kuchimba dhahabu kwenye mlima ulio juu ya Kyavula. Ilitoa mawe tumboni mwa mlima, ikayalundika nje, na mvua ilipoyapitia ikatoka na ukali. Vyura ndio waliotangulia kunyamaza. Kisha konokono wakalainika magamba. Kambale wakataga mayai yakageuka meupe kama bukari, ugali wa kule, na hayakupasuka. Mwaka uliofuata yakageuka meupe tena. Mwaka wa tatu waliobaki wakaondoka.

Katindo walizoea upesi. Saruji ya sitereni hupunguza ukali wa maji, na wao walipumua vizuri ndani yake. Kanyere aliwatupia pumba na ukoko wa bukari. Wateja hawakulalamika, viluwiluwi vya mbu vilikwisha, na maji yakawa safi kuliko ya majirani. Yule mkubwa alikuwa na ndevu ndefu kupita wenzake, nne kila upande wa mdomo, kwa hiyo watu wakamwita Muzee. Ukifungua mfuniko unamsalimia kwanza yeye.

Muda mfupi baadaye ikaja rekansema, hesabu ya watu. Goma ilikuwa imejaa deplase, watu waliohamishwa na vita, kila kona, na wakubwa walitaka kujua nani amelala kwa nani. Shefu wa avenye, papa Honoré, alipita mlango kwa mlango na kipande cha chaki, akiuliza, akiandika idadi kwenye mbao za mlango. Alikuwa mtu wa Rutshuru, mcheshi, mwenye kofia ya sufi hata wakati wa jua.

"Mama Kanyere, muko bangapi humu?"

"Niko miye na Kambale saba."

Kwa Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Hakuna nyumba isiyo na Kambale wake, na Goma ukiita Kambale sokoni wanageuka watu wa safu nzima. Honoré alicheka.

"Kambale saba! Nyinyi Banande, majina inabaishiaka mapema. Bote ni ba mama mumoja?"

"Ni ba mutoni mumoja."

"Batu bazima?"

"Bazima. Mumoja ni muzee."

Honoré akauliza kwao ni wapi, akaambiwa Kyavula, akaandika nane mlangoni, akaenda zake.

Jumamosi ikafika, siku ya salongo, ile kazi ya kusafisha barabara ambayo kila mwanaume mzima lazima atokee, na Honoré akaja kugonga. Kambale saba wa kwa mama Kanyere hawakuonekana. Kanyere akampeleka kwenye ngazi, akamfunulia. Shefu akatazama chini muda mrefu, kofia mkononi.

"Mama Kanyere, ulisema Kambale."

"Si ni Kambale?"

Honoré akafikiri. "Ni Kambale," alikubali. "Lakini hesabu ilishapanda komini kwa wakubwa. Chaki naweza kufuta. Ile ya komini siwezi. Batatoka tu."

Wakatoka. Wakaingia kwenye mfereji wa avenye, ule ulioziba tangu mlipuko wa mwisho wa volkano, wakala tope kutoka kona ya kambi hadi barabara ya lami. Watu wa avenye ya pili walikuja kuomba waazimwe. Emerance aliwajibu kwamba na wao wangojee vita yao, watapewa wageni wao.

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka amri ilipotoka kwamba deplase wote warudi makwao. Ilitangazwa kwa redio na kwa kipaza sauti juu ya gari. Kambi za bashi, yale maturubai ya deplase, zikaanza kubomolewa, na kila familia ikaambiwa lori lake na siku yake. Kwa jina la Kyavula, walioandikwa Goma nzima walikuwa Kambale saba.

Siku moja kabla ya lori, mgeni aliyevaa buti safi aliingia kwenye parseli. Alijitambulisha kwa heshima, mikono miwili. Aliitwa Magloire, mutoto wa Butembo, enjenyere wa ile kampuni ya Kyavula. Kanyere alimpa kiti. Hakumpa maji.

"Mama, nimekuya kusema aksanti," alianza Magloire. "Umechunga batu ba kwetu vizuri. Sasa mutoni ilishapona. Tutabapokea na sherehe, na kamera, na kila kitu."

"Ilipona lini?"

"Analize zinaonyesha."

"Miye sikusoma zaidi ya shule ya musingi," alisema Kanyere. "Unielezee na kinywa. Chura banaimba?"

Magloire alitazama buti zake. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajazoea kusema uongo na bado anajifunza. "Mama, nikwambie kweli. Kampuni inaomba mulima wa pili, na wakubwa bamesema haitaupata kama samaki habarudie mu Kyavula. Njo maana banabahitaji."

"Na bakirudia, bakakufa?"

"Sherehe itakuwa ilishapita," alisema Magloire polepole, kama anayesoma neno la mtu mwingine.

Kuku alipita kati yao, akadonoa kamba ya buti ya enjenyere, akaondoka.

"Kwenda, batakwenda, ni amri," alisema Kanyere. "Lakini miye nakwenda nabo. Kivuko ni ya baba yangu. Hakuna mutu atabasukuma mu mayi mbele yangu, hata angekuwa na kamera kumi."

"Sikusema nitabasukuma, mama."

"Na miye sikusema ni weye."

Kesho yake asubuhi alimpa Emerance ufunguo wa robine. Emerance aliupokea, akapanda ngazi, akawasalimia wote kwa zamu, akamwambia Muzee asirudi Goma na ndevu fupi, watu watamcheka. Kila anayerudi kwao alipewa bashi, sufuria, sabuni na jembe. Kanyere alipokea majembe saba kwa niaba ya Kambale saba, akayapakia.

Safari ilikuwa ndefu. Kambale walikaa ndani ya pipa katikati ya lori, Kanyere pembeni, mkono wake juu ya ukingo. Kibumba yule mama wa kabichi aliwatambua, akawaongezea maji. Walipopanda milima ya Lubero baridi ikaingia, na ndani ya pipa wote saba waligeuza vichwa upande mmoja, upande wa Kyavula, wakabaki hivyo mpaka lori liliposimama.

Pale kivukoni kampuni ilikuwa imetandika viti vya plastiki na hema. Ubao ulikuwa umeshasimikwa: KYAVULA, SAMAKI WAMERUDI. Wakubwa walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Maji ya mto yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa, na Kanyere, aliyeyajua maji yale tangu kitovu chake kikiwa kibichi, alijua hiyo haikuwa rangi yake. Akamtafuta Magloire kwa macho. Magloire alikuwa amesimama nyuma kabisa.

"Ni nini mumetia?"

"Chokaa. Mifuko mingi, pale juu. Inazima ukali."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku? Mama..." Alitazama mto. "Mpaka chokaa iishe."

Kambale walishushwa. Hawakukimbilia majini, ingawa mapezi yao yalitetemeka. Muzee alijikokota hadi ukingoni, akatumbukiza ndevu. Akakaa. Wale sita wakakaa nyuma yake. Maji wakati huo yalikuwa matamu kweli. Kanyere mwenyewe alichovya kidole akalamba, na ladha ilikuwa ile ya utotoni. Mpiga picha akapiga magoti.

"Baingie sasa," mkubwa mmoja alinong'ona.

"Bako na haraka ya nini?" alijibu Kanyere kwa sauti ya kawaida, ambayo kwenye mlima ule ilisikika mbali. "Batu balitembea Lubero mpaka Goma. Tuanze na hotuba."

Wakubwa hawajawahi kukataa hotuba. Aliyekuwa na nguo nzito kuliko wote akasimama, akashika kipaza sauti, akaishukuru kampuni, akawashukuru wachimbaji, akaishukuru amani. Alisema kwamba kuanzia siku ile waliorudi Kyavula wamerudi moja kwa moja, na kwamba hakuna mtu, awe mkubwa awe mdogo, atakayewaondoa tena mahali watakapokaa kwenye maji ya Kyavula. Watu wakapiga makofi. Akarudia kwa Kifaransa. Kisha akaanza habari ya barabara.

Muzee hakutoa ndevu zake majini. Kanyere alichuchumaa kando yake, akautazama mto jinsi mtu anavyotazama sufuria ya mwenzake. Weupe ulianza kupungua kwenye ukingo wa ng'ambo. Ukaja mstari mwembamba wa njano, ukakatika, ukaja tena mpana zaidi. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko chokaa. Mkubwa alipofikia habari ya shule, Kyavula ilikuwa ya njano kutoka ukingo hadi ukingo, na ndevu mbili za Muzee zilikuwa zimeungua ncha.

Muzee akazitoa. Akageuka. Wale sita wakageuka pamoja naye, na wote saba wakapita katikati ya viti vya plastiki, wageni wakiinua miguu kuwapisha, wakapita chini ya hema, wakapanda kilima kuelekea biro, ofisi za kampuni. Kanyere akawafuata na majembe yake begani. Mkubwa hakukatiza hotuba.

Nyuma ya biro kulikuwa na tangi la saruji, refu, lenye mfuniko. Kampuni ilichukua maji yake kwenye chemchemi iliyo juu ya mlima, mahali Kyavula inapozaliwa, kabla haijafika kwenye mawe; bomba liliyaleta hadi pale, wafanyakazi wakanywa, wakapika, wakaoga. Ndiyo maji pekee matamu yaliyobaki bonde zima. Muzee aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa tangi, akasubiri. Kanyere akainua mfuniko kwa ncha ya jembe, akawatia ndani mmoja mmoja, Muzee wa mwisho. Kisha akaketi juu ya mfuniko.

Magloire alifika akihema, na nyuma yake walinzi wawili.

"Mama Kanyere, hapo ni pa mayi ya kunywa."

"Mayi ya wapi?"

Magloire akatazama bomba lililoteremka kutoka mlimani.

"Ya Kyavula," alisema.

"Basi. Mulisema turudie mu mayi ya Kyavula, tumerudia. Kama kuna mutu anataka kubatosha, akwende kwanza pale chini anyang'anye ule mukubwa kipaza sauti, aseme ile maneno haikusemwa."

Walinzi wakamtazama enjenyere. Enjenyere akatazama bonde, ambako spika zilikuwa bado zinanguruma habari ya hospitali. "Mumwache mama," alisema.

Kampuni ilipewa mlima wa pili. Wakubwa walikuwa wametaka samaki ndani ya maji ya Kyavula, na samaki walikuwemo. Mpiga picha aliwapiga picha ndani ya tangi, kwa karibu, hivi kwamba saruji haionekani. Machimbo mapya yalifunguliwa, na mawe yake yanalundikwa palepale panapolundikwa yale ya kwanza. Ng'ombe wa bonde hawanywi mtoni. Wanawake wanaofua pale chini mikono yao inapasuka kama zamani. Ubao bado umesimama, na maneno yake ni ya kweli.

Kanyere alifunga bashi lake chini ya tangi, akalima mboga kwa jembe moja, mengine sita akayagawa kwa majirani wa zamani waliokuwa wakirejea mmoja mmoja. Mwezi wa mvua mayai yalipasuka. Wafanyakazi wa kampuni huoga na kambale wachanga wanatoka kwenye bomba, huwakusanya kwenye vikombe, huwarudisha. Mpishi ameacha kulalamika. Mara moja Magloire alikuja na kofia mkononi.

"Mama, kampuni inasema itabajengea kidimbwi. Kizuri, ya saruji, pale ng'ambo. Na weye nyumba ya mabati."

"Haba si batu ba kidimbwi, mwana wangu. Banangoya mutoni."

"Mutoni itakamata miaka. Hata tukiacha kuchimba leo."

"Muache leo, basi, tuanze kuhesabu."

Magloire aliketi kidogo pale kwenye ukingo, akachovya kikombe chake ndani ya tangi, akanywa, akarudi kazini.

Kila asubuhi Muzee anatoka. Anateremka kwa njia ileile inayokatiza barabara ya malori, na wenzake sita na wanawe wote nyuma yake kwa mstari, weusi, kila mmoja na doa lake jeupe, hata wale ambao hawajawahi kulala mtoni. Wachimbaji wanaopanda zamu humwambia, "Jambo, muzee," wakampisha. Anafika ukingoni, anatumbukiza ndevu zilizobaki, anakaa. Kanyere anachuchumaa kando yake. Maji ni ya njano. Kisha Muzee anageuka, na mstari mzima unageuka, unaanza kupanda tena kilima bila haraka. Ni mrefu kuliko wa mwezi uliopita. Malori yenye mawe ya mlima wa pili yanasimama barabarani, injini zikiunguruma, madereva wameweka viwiko dirishani, na hayasogei mpaka kambale wa mwisho, aliye mdogo kama kidole, amalize kuvuka.